Chini ya Chokaa

Haya yalimkuta Nuhad, rafiki yangu wa chuo, katika kanisa la zamani la ufukweni karibu na Batrun, huko Lebanoni. Alikwenda kunakili michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa ukutani. Desturi ya hapo, chombo kisiporudi, jamaa wa mabaharia hukichora kwa msumari. Siku hiyo kaka yake, Nakhle, alikuwa baharini na mashua yake ya injini tangu alfajiri akielekea Saiprasi, na simu yake haikupatikana.

"Utapofuka humo, binti," alimtania Umm Tannus, mama anayeshika funguo. "Katafute mchumba, hao wote wameshakufa."

"Nikimaliza ukuta huu, shangazi, nitafutie wewe."

Umm Tannus alipotoka, Nuhad akafunga mlango, kwa sababu mikwaruzo ile huonekana vizuri gizani, taa ikimulika kutoka pembeni. Ukuta wa kaskazini ulifunikwa na chokaa iliyopakwa miaka mia mbili nyuma, haijaguswa tangu hapo. Alipokuwa akiibandua kwa kisu chembamba, alisikia kwaru, kwaru. Akasimamisha kisu. Sauti ikaendelea ndani ya ukuta, taratibu, kama ya mtu anayejitahidi asikosee.

"Umm Tannus?"

"Niko nje, nachambua dengu!"

Sauti ikakoma. Kipande cha chokaa kikadondoka chenyewe. Nuhad akasogeza taa. Chini yake palichorwa mashua isiyo na tanga, yenye injini nyuma, na ubavuni kiraka cha mraba ambacho Nakhle alikipigilia Jumapili iliyopita.