Mgeni Kutoka Njombe

Soko la Ngamiani lilikuwa limefurika siku Yudith alipomkanyaga mtu mguu. Alivaa gauni la maua ya samawati, na kapu la mihogo lilimziba asione mbele.

"Pole, kaka!"

"Mguu wangu umetoka Njombe salama, umekuja kuvunjikia Tanga," alisema kijana, kaptura yake ya kaki imekakamaa kwa pasi. "Naitwa Methusela."

"Kumbe manamba?"

"Nilikuwa. Mkataba wa mkonge umekwisha, sasa nabeba mizigo bandarini. Na wewe, dada mkanyaga watu?"

Yudith alicheka mpaka kapu likatikisika. Jumapili alimwona kanisani, peke yake kwenye benchi la nyuma. Washambaa waliozoea kukaa pale walikuwa wamehamia upande wa pili. Baba yake, Asheri, alikuwa mzee wa kanisa, na Yudith ndiye aliyefagia na kushika ufunguo. Methusela akawa anakuja Jumamosi kumsaidia kupanga mabenchi, wakitaniana hadi wakapendana.

Kisha uvumi wa mumiani ukaingia mjini. Mtu mmoja wa Pongwe alikuwa hajulikani alipo. Ikasemwa wapo wanaokamata watu na kuwanyonya damu, na kwamba huwatuma wageni wasio na ndugu kuwakamata.

"Mwanangu," jirani yao Bi Semeni alimnong'oneza Yudith, "yule wako kila alasiri hushika njia ya Pongwe na ndoo iliyofunikwa. Mna nini ndani?"

Yudith akamuuliza.

"Siwezi kukwambia, mpenzi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Tangu siku ile alijifungia ndani ya kanisa akifagia, na Methusela akibisha alikaa kimya, akimpenda na kumwogopa kwa pamoja.

Jumamosi moja alisikia mayowe barabarani: "Mumiani! Mshikeni!" Mlango ukagongwa.

"Yudith! Fungua, wataniua!"

Alisogea mlangoni na ufunguo. "Sema kwanza, ndoo ina nini?"

Sauti ilishuka, midomo kwenye tundu la kitasa. "Uji. Wa mwenzangu Noa. Ametoroka shamba la mkonge kabla ya mkataba kwisha, anaumwa, nimemficha kibandani njia ya Pongwe. Akijulikana atafungwa."

Hakujua kama alimwamini. Alifungua tu.

Methusela aliingia akivuja damu usoni, ndoo bado mkononi. Nyuma yake watu wenye marungu walijaa mlangoni. Asheri alikuja mbio, akajipenyeza, akanyoosha mikono.

"Huyu ni mgeni wa kanisa!"

"Tangu lini?" aliuliza Uweso, muuza kahawa, rungu begani. "Mbona hamkai naye benchi moja?"

Asheri alitazama benchi la nyuma.

"Funua ndoo!"

Kitambaa kilitolewa. Kitu kizito, chekundu kilichokolea. "Damu!" Watu wakasonga. Yudith naye aliona damu. Akachota kwa kiganja, akafumba macho, akanywa.

Ulikuwa uji wa ulezi, umepoa.

Uweso alichovya kidole, akaonja. "Astaghfirullah," alisema, akashusha rungu. Wakaondoka mmoja mmoja, bila kuomba radhi.

Asheri mwenyewe alikwenda kumchukua Noa, akamlaza chumba cha nyuma ya kanisa. Wazee wengine walifoka: "Serikali itatufunga sote!" Wawili waliacha kuja ibadani. Jumapili Asheri alikaa benchi la nyuma.

"Nilitaka kukuacha nje," Yudith alimwambia Methusela. "Ujue hivyo."

"Najua. Nilikuwa nje." Akamtazama. "Nataka kukuposa. Ila ukoo wangu uko Njombe. Nani atanisemea?"



Wiki chache baadaye hodi ilibishwa kwa Asheri. Aliingia Uweso katika kanzu safi, na Noa, bado amekonda, akimshika bega.

"Shikamoo, mzee," alisema Noa.

"Marahaba. Karibuni."

Uweso alisafisha koo. "Tumekuja kwa ajili ya kijana wetu Methusela..."

Buti za askari zikasikika barabarani, zikielekea mlangoni. Noa akajibana ukutani. Nyuma ya pazia Yudith alizuia pumzi. Buti zilisimama, zikageuka, zikapita.

Asheri alipangusa jasho.

"Endelea, bwana," alisema. "Kijana wenu anatafuta nini hapa?"