Fundi Hajulikani

Ukumbi wa chuo ulifurika wanafunzi waliokuja kujiandikisha, na katikati ya msongamano huo boksi la mtunza nyaraka likapasuka kitako. Barua, michoro na picha za magauni zikatapakaa sakafuni. Zilikuwa karatasi za marehemu profesa wa historia ya sanaa na mavazi, maboksi arobaini na mawili kwa jumla, na hilo lilikuwa la kwanza.

"Jamani, msikanyage!"

Kijana mrefu, shati lake la bluu limenyooka kama limetoka kwenye pasi dakika ile, aliweka chini rundo la majoho ya mahafali akapiga magoti. Alikuwa fundi cherehani, ameleta kazi. Aliokota picha zote, ila moja akaikodolea macho. Chini yake profesa alikuwa ameandika kwa wino: fundi hajulikani.

"Na hiyo pia ni yangu," alisema mtunza nyaraka.

"Samahani, dada. Nilipotea kidogo."

"Umepotelea kwenye gauni?"

"Kwenye mshono."

Mtunza nyaraka alicheka bila kutaka. Wiki hiyo walipeana namba, iliyofuata wakanywa chai mkabala na maktaba, na kabla mwezi haujaisha fundi alikuwa akimpigia kila asubuhi.

"Umeamkaje, mpenzi?"

"Salama. Ila simu yako imenitangulia kuamka."

Mtunza nyaraka hakuwa mwepesi wa kupenda. Safari hii alijikuta akibadilisha blauzi mara tatu kabla ya kutoka.

Jambo moja lilimkera: mazungumzo yao hayakukosa kurudi kwenye maboksi. Jumanne moja alimkaribisha chumba cha kusomea, akageuka kuchukua penseli, na aliporudi akamkuta akiipiga ile picha ya gauni kwa simu. Katazo la kupiga picha lilikuwa ukutani kwa herufi kubwa.

"Unataka nifukuzwe kazi?"

"Hapana, mpenzi, si hivyo..."

"Niambie hili tu. Ulinifuata mimi, au uliyafuata maboksi?"

Fundi aliinamisha macho kwenye ile picha. Mtunza nyaraka akahesabu kuwa amejibiwa. Alimtoa nje, akaifungia namba yake, akarudi kuorodhesha. Boksi la kumi na tisa. La ishirini. Mkuu wake alimsifu kwa kasi ya kazi.

Ijumaa moja asubuhi aliingia chumba cha kusomea mama mmoja, gauni la kijivu limemkaa sawasawa, mkoba kwapani.

"Wewe ndiye uliyemfukuza mwanangu?"

Alisimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile picha aliipiga kwa ajili yangu. Gauni lile nililishona mimi. Nilimkataza asisumbue watu kwa habari za zamani, ndiyo maana akanyamaza. Yule anajua kutii mahali pasipotakiwa."

"Mama, nitaandikaje jina lako bila ushahidi?"

"Gauni lenyewe mnalo?"

"Lebo inasema limo kwenye boksi la mwisho. Hatujalifungua."

"Basi lifungue. Ndani ya pindo, upande wa kushoto, kuna uzi wa kijani. Mweupe uliniishia zikiwa zimebaki inchi tatu."

Walilifungua. Mtunza nyaraka alikunjua pindo kwa ncha za vidole. Inchi tatu, kijani kibichi.

Akaomba jina lake, herufi kwa herufi, akaliandika kwenye orodha. Mama alilitazama kwa muda mrefu.

"Miaka thelathini na moja," alisema. Kisha, kwa sauti iliyowafanya wasomaji wote wageuke: "Sasa mkwe wangu, mpigie yule. Anaunguza nguo za watu kwa pasi."

Mtunza nyaraka alitoka hadi kwenye korido, akaifungulia ile namba, akapiga.

"Nilikuhukumu vibaya," alisema. "Nisamehe."

"Na mimi ningesema mapema."

"Mama yako ameniita mkwe mbele ya watu sita."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba asipaze sauti, watu wanasoma."

"Basi?"

"Na kwamba mwanawe aje aniulize mwenyewe."

Upande wa pili cherehani ikanyamaza.

"Nakuja."

"Malizia kwanza nguo ya mtu."

"Atasubiri," alisema fundi, na tayari alikuwa akihema kama mtu anayeshuka ngazi mbio.