Tanbihi ya Saba

Kila siku, akishatoka shule na kutua ndoo ya maji, Febronia aliifuta meza kwa kanga kuukuu na kukaa kuandika. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwandiko wake ulisifiwa kijiji kizima, pale karibu na Ushirombo, mpaka sifa zenyewe zilianza kumpanda kichwani.

Mwaka huo wa 1974 mvua ilikuwa imegoma. Kaka yake Telesphori, mwanafunzi wa chuo cha kilimo, alikuja likizo na kazi ya kuandika juu ya vyakula vya wakati wa njaa. Alimhoji bibi yao, Bibi Mageni, akajaza daftari mbili. Lakini mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu, kwa hiyo kazi ya kunakili vizuri alipewa Febronia.

"Vichwa vya habari uviandike kwa herufi kubwa, upige mistari miwili chini yake kwa rula," Telesphori alimweleza. "Vichwa vidogo, mstari mmoja. Na ukiona namba ndogo juu ya neno, hiyo ni tanbihi. Iandike namba hiyohiyo chini ya ukurasa pamoja na maelezo yake. Kwa hiyo usijaze ukurasa mpaka chini, acha nafasi."

"Tanbihi ni za kazi gani, kaka?"

"Humo ndimo ninamoandika nani amenieleza, na jambo gani msomaji asilipite."

Febronia alivipenda vichwa vya habari. Alivinenepesha, akavizungushia maua. Tanbihi hakuzipenda hata kidogo, maana ni herufi ndogondogo za kuumiza macho. Alipofika ukurasa wa tisa, neno MUHOGO na maua yake lilikula mistari minne. Chini, tanbihi ya sita ikaingia kwa kubanwa. Ya saba, iliyokuwa ndefu, ikakosa mahali.

Aandike ukurasa mzima upya, pamoja na nakala yake ya kaboni? Mkono ulishamchoka, na wenzake walikuwa wakimwita wakacheze rede. Nani husoma maandishi madogo? Akafungua ukurasa wa kumi, akaendelea na tanbihi ya nane.

"Tanbihi zote umeandika?" Telesphori alimuuliza siku ya kumaliza.

"Zote, kaka."

Telesphori alimwamini. Nakala ya juu akaituma chuoni kwa posta, ile ya kaboni akaikabidhi kwa darasa la kisomo cha watu wazima, ili akina mama wapate kitu cha maana cha kusoma.

Baada ya wiki mbili, Jumamosi saa tatu asubuhi, Febronia na Bibi Mageni walikuwa wakirudi kutoka kuokota kuni. Mama Kamili, mmoja wa wanafunzi wa kisomo, aliwapita mbio, hata salamu hakutoa. Alikuwa amemkumbatia mwanawe Kamili, mtoto wa miaka mitatu, na shingo ya mtoto ilikuwa imelegea. Walitupa kuni, wakamfuata hadi zahanati.

Mganga wa zahanati, Bwana Theonest, alimlaza mtoto kitandani. Mtoto alikuwa akitapika na kuhema kwa shida.

"Amekula nini?"

"Ugali wa muhogo, asubuhi hii," alijibu Mama Kamili.

"Muhogo mchungu au mtamu?"

"Wa shamba la kijiji. Mimi sijui kutofautisha, mganga. Kwetu Kolandoto tulikula mtama. Nimefuata karatasi ya kisomo. Nimeisoma mwenyewe."

Akatoa daftari kutoka kwenye mkunjo wa kanga yake. Alikuwa ameunakili ukurasa wa tisa wote, herufi kwa herufi, na maua pia. Febronia aliyatambua maua yake.

Bwana Theonest alisoma kwa sauti. "Muhogo humenywa, hukatwakatwa, huanikwa siku moja, husagwa, hupikwa ugali. Chini imeandikwa: Ameeleza Bibi Mageni."

Watu wote waliokuwa mlangoni waligeuka kumtazama bibi kizee. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake, akamficha nyuma yake.

"Sikuishia hapo," alisema Bibi Mageni. "Nilisema zaidi."

Febronia aliona jinsi walivyomtazama, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alijua vikongwe wanaotazamwa hivyo huitwa wachawi, na alijua yanayowapata.

"Ngojeni kwanza," alisema Bwana Theonest, akiweka kidole kwenye daftari. "Hapa juu ya neno pana saba ndogo. Chini nakuta tanbihi ya sita tu. Ya saba iko wapi?"

Febronia alisogea mbele ya watu wote.

"Niliiruka mimi," alisema. "Nafasi haikutosha. Kaka aliponiuliza, nikamdanganya."

"Ilisemaje?"

"Ilisema hivyo ni kwa muhogo mtamu tu. Mchungu umenywe, uvundikwe siku nne mpaka uote ukungu, upondwe, uanikwe mpaka ukauke kabisa."

"Ndivyo nilivyosema," alisema Bibi Mageni taratibu.

Bwana Theonest alimtuma mtu mbio kwenda misheni kuomba gari la kumpeleka mtoto hospitali, kisha akamgeukia Mama Kamili. "Nani mwingine amenakili ukurasa huu?"

"Darasa zima. Tuko kumi na saba."

Febronia hakungoja kutumwa. Alikimbia nyumba kwa nyumba, na kila mlango alisema maneno yaleyale: "Shikamoo mama, msile ule muhogo. Niliandika vibaya, nikadanganya." Nyumba ya kumi na mbili alikuta ugali umeshapakuliwa na watoto wananawa mikono. Alipoona mama yao akiumwaga nje, alilia.

Kamili alirudi siku ya tano, amekonda lakini anacheka. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, darasa la kisomo lilikutana. Febronia alikuwa ameuandika ukurasa wa tisa upya, bila ua hata moja, na nakala yake nyingine ikatumwa chuoni. Mama Kamili alisimama, mtoto mgongoni, akaisoma tanbihi ya saba silabi kwa silabi mpaka mwisho.

"Na mimi nina kosa," Telesphori aliwaambia. "Niliuliza, sikukagua."

Febronia alipiga magoti mbele ya bibi yake, akaomba msamaha.

"Ng'wanawane," alisema Bibi Mageni, akimwita mwanangu kwa Kisukuma kama siku zote. "Mimi sijui kusoma. Nilikukabidhi maneno yangu uwafikishie watu. Mzigo ukikushinda, rudi useme umekushinda, hakuna atakayekupiga. Ila usiseme umefikisha wote na nusu umeiacha njiani. Anayepokea hatajua kilichopungua mpaka aumie. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Haya. Nisomee tena mwisho wa hiyo saba."

Febronia aliishika karatasi kwa mikono miwili. "Ameeleza Bibi Mageni," alisoma, na safari hii akina mama wote wakampigia bibi makofi.