Mita Ishirini Mpaka Uani

Mtaa wa Magarama ulikuwa umefurika watu Jumamosi ile, na duka la Trésor lilipiga muziki mpaka rafu zikatetemeka. Ndipo Dorotea alipoingia: gauni la kijani, kilemba cha rangi hiyohiyo, viatu vyeupe vilivyokula vumbi jekundu la Gitega. Trésor, kijana wa Uvira, Kongo, mwenye ulimi mwepesi, alipunguza sauti bila kuombwa.

"Nataka waya wa spika. Huu mwembamba unatosha."

"Toka ku amplifaya mpaka ku spika, iko mita ngapi, dada?"

"Ishirini. Amplifaya iko sebuleni kwetu Muyinga. Spika baba anazitaka uani."

"Ah non! Mita ishirini na kawaya kama haka? Katakula sauti yote mu njia. Njia ikikuwa mrefu, waya nayo inenepe. Spika zimeandikwa ngapi nyuma?"

"Omu nne."

"Basi tena zaidi! Za nane zinavumilia, za nne zinakunywa umeme sana. We beba hii ya milimita mbili na nusu."

Dorotea akaonyesha waya mwingine mnene, unaong'aa, wa bei rahisi. Trésor akachukua kisu, akakwaruza uzi wake mmoja. Chini ya wekundu kukatokea weupe.

"Alumini. Wamepaka shaba juu tu. Hii siwezi kukuuzia, chérie."

"Yaani nimeshakuwa chérie, mpenzi wako?" Dorotea alicheka, mkono kiunoni. "Na wewe je, nikikukwaruza, ndani una rangi gani?"

"Shaba mpaka ku mfupa!"

Pesa zake hazikutosha waya ule mnene; aliondoka na namba ya simu tu, na kipande cha shaba ambacho Trésor alimviringia mkononi kama bangili.

Miezi mitatu simu zao hazikupoa. Trésor alimwimbia asubuhi akifungua duka. Dorotea alimtania kwa Kiswahili chake cha Kongo kisichojua ngeli. Yeye mwenyewe alikulia Tanzania, ukimbizini, na baba yake, mzee Kasiano, alirudi nyumbani Burundi na mali moja tu ya fahari: spika mbili kubwa.

Kisha Jumatatu moja simu ilikuja bila utani.

"Trésor, nisikilize vizuri. Watu wa Gasorwe wametuma mjumbe. Jumamosi wanakuja kushika irembo."

"Kushika nini?"

"Mlango wetu! Wazee wanakuja na pombe, wananiomba kwa baba. Bado hajamwahidi mtu. Wazee wako wakitangulia, hata Ijumaa, nitasema ni wewe. Leta wazee wawili na pombe, mpenzi. Usije peke yako."

"Mi nitakuja, chérie. Lala salama."

Huko Giheta, karibu na Gitega, alikuwepo mjomba wake, Baguma, mfanyabiashara mwenye heshima. Simu moja ingetosha. Lakini Trésor aliwaza kama mtu wa duka: mzee anatamani sauti uani, akiona kwanza kazi ya mikono yangu atanipenda, na mjomba atafuata wiki ijayo. Alifikiri upendo ukiwa safi hauhitaji kusindikizwa. Ijumaa alishuka Muyinga na shati jeupe lililopigwa pasi, begani ameviringa waya wa shaba mita hamsini, ule bora kuliko yote dukani.

Mzee Kasiano alimkuta mlangoni. Aliangalia nyuma yake, hakuona mtu. Akaangalia waya.

"Wewe ndiye fundi?"

Dorotea alikuwa amesimama ukumbini na sinia la soda, akimtazama. Neno moja lilihitajika.

"Ndiyo, mzee. Mi ndiye fundi."

"Karibu. Ingia kwa huku jikoni."

Dorotea alimfuata hadi nyuma ya nyumba. Hakulia.

"Nilikuambia ulete watu. Umeleta waya."

"Chérie, wiki ijayo mjomba..."

"Aliyeingia hapa kwa kazi hawezi kurudi kuposa. Hukulijua hilo, sawa. Lakini baba alikuuliza wewe nani." Alivua bangili ya shaba, akaiweka juu ya mzigo wake. "Nimekukwaruza, Trésor. Ndani ni mweupe."

Jumamosi uani palijaa vitenge na makoti. Trésor aliketishwa ndani, dirishani pa sebule, karibu na amplifaya. Chakula aliletewa hapo, peke yake. Msemaji wa Gasorwe alipomaliza maneno yake marefu, mzee Kasiano alimwita binti yake. Dorotea alitoka, vazi la sherehe, imvutano ya zambarau, limemkaa begani, akapewa maikrofoni.

"Mwanangu, wageni wameleta pombe ya kukuposa. Tuinywe au tusiinywe?"

Macho ya Dorotea yalikutana na ya Trésor dirishani. Kidole cha Trésor kilikuwa juu ya swichi.

"Hatusikii huku nyuma!" mama mmoja alipiga kelele. "Fundi, ongeza sauti!"

Trésor akaongeza.

"Inyweni," alisema Dorotea.

Waya ulikuwa mzuri. Kwa mita zote ishirini haukula hata chembe: mtikisiko wa sauti yake, pumzi iliyofuata, vyote vilifika mpaka migomba ya mwisho. Vigelegele vikapanda.

Mzee Kasiano alikuja dirishani, uso umejaa furaha, akamshika bega.

"Kijana, una mikono ya dhahabu. Siku ya harusi usikose, wewe ndiye utakayetufungia spika."