Mikono ya Anyitike

Kila siku Fatu alipotoka shule alivua viatu mlangoni mwa duka la mjomba wake, akanawa mikono kwa maji ya birika, ndipo akaingia. Hiyo ilikuwa sheria ya mjomba Mudathiri, na haikubagua mkubwa wala mdogo. Duka lilikuwa Mbugani, mjini Kyela. Mbele waliuza madaftari, kalamu na mikebe ya hesabu. Nyuma ya pazia kulikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na laini ya simu. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na kila mwenye mtaji kidogo alikuwa akijaribu bahati yake. Mudathiri, ambaye babu zake walitoka Pangani, alijaribu intaneti. Hapakuwa na nyingine mjini, na alilijua hilo vizuri sana.

Aliipenda mashine ile kuliko alivyowapenda wateja wake. Aliifunika kitambaa cha kufuma, kama watu wanavyofunika redio sebuleni. Aliamini kwamba vumbi, jasho na matope ndivyo vinavyoua kompyuta, na Mbugani nzima ikaamini pamoja naye. Ukurasa ukichelewa kufunguka, alipangusa kibodi. Laini ikikatika, alipangusa kibodi. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu hakuna aliyejua zaidi.

Fatu alikuwa darasa la saba. Aliruhusiwa kupokea wateja na kuwaonyesha mahali pa kukaa, lakini kubadilisha kitu chochote ndani ya kompyuta alikatazwa kabisa. Mjomba alikuwa amemwambia wazi kwamba siku atakapoichezea, atachapwa na kurudishwa kwa mama yake.

Jumatano alasiri mjomba alikwenda msikitini, na duka likawa tupu. Fatu alijua ana muda mfupi tu. Alitaka kusoma barua pepe ya Samira, rafiki yake aliyehamia Tanga, lakini ukurasa ulikuwa ukifunguka polepole mno, picha moja baada ya nyingine. Sylvester, mteja aliyesoma chuo, aliwahi kumwonyesha ujanja: ukizima picha katika mipangilio ya kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, maneno huja upesi. Fatu akaondoa alama ya vema penye sehemu ya kuonyesha picha. Kweli, barua ikaja mara moja. Alikuwa bado anaisoma aliposikia kandambili za mjomba nje. Akafunga kila kitu haraka, na ile alama hakuirudisha.

Kosa lilikuwa hilo tu, na lilikuwa dogo.

Alhamisi, alipofika kutoka shule, alikuta wateja wananung'unika. Kurasa zilikuwa zimeharibika. Mahali pa picha palikuwa na visanduku vitupu vyenye alama nyekundu, na maneno yalikuwa yamesongamana upande mmoja. Vibaya zaidi, vitufe vingi vya kubonyeza vilikuwa vimetoweka, kwa sababu navyo vilikuwa picha. Fatu alitazama mara moja tu akajua ni kazi yake.

Aliyeketi mbele ya kompyuta alikuwa Anyitike, mwanafunzi mwenzake kutoka Ndandalo. Anyitike alikuwa wa kwanza darasani tangu darasa la nne, na baba yake alikuwa amefariki. Mwalimu wao, Mwalimu Zebedayo, alikuwa amempatia habari za shirika moja lililosomesha wasichana sekondari, likiwalipia ada, vitabu na bweni. Maombi yalipelekwa kwa intaneti, na mwisho wake ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Jumatano, kabla mjomba hajaenda msikitini, mwalimu alimleta dukani aanze kujaza; Fatu alimwona akinawa mlangoni, lakini umeme ukakatika, akaondoka kabla haujarudi. Sasa, baada ya mwalimu kumruhusu kutoka shule mapema, alikuwa amejaza yote upya, jina, alama na maelezo ya familia, akafika chini kabisa ya ukurasa. Palipotakiwa kuwa na kitufe cha kutuma palikuwa na kisanduku kitupu. Akabaki amekaa, hajui afanye nini.

Mjomba Mudathiri aliinama akatazama kioo. Akauliza, bila kupaza sauti, nani ameichezea mashine yake.

Fatu angeweza kusema. Angechapwa, ndiyo, na yangekwisha. Lakini wateja walikuwa wanne, wote wanamtazama, na neno la mjomba juu ya kumrudisha kwa mama lilikuwa bado masikioni. Akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwenye vidole vya Anyitike.

"Ni Anyitike, mjomba. Jana alishika kabla hajanawa."

Mudathiri akamwamuru Anyitike anyooshe mikono. Akainyoosha. Vidole vilikuwa vyeusi kuzunguka kucha, na mistari ya viganja imeingia rangi ya kahawia, kama ilivyo mikono ya kila mtu anayepasua kakao msimu mzima.

"Nimenawa, baba," Anyitike alisema. "Hii ni rangi ya kakao. Haitoki."

"Mikono ya namna hii inashika jembe. Haishiki kompyuta."

Wateja wakacheka. Mmoja akasema wamwangalie, asije akaivundika mashine kwa majani ya migomba kama kakao, mpaka ichachuke. Wakacheka tena. Mudathiri hakuona kama hayo yalitosha. Akaagiza kitambaa na spiriti, na Fatu ndiye aliyevileta. Anyitike akalazimishwa kupangusa kibodi yote, herufi moja moja, watu wamesimama wanamtazama. Kila alipomaliza mstari, mjomba alimwambia arudie. Chozi lilipoanguka juu ya kibodi aliambiwa alipanguse na hilo.

Katikati ya kazi ile Anyitike aliinua uso. "Fatu, si uliniona nikinawa?"

Fatu akajifanya anapanga kalamu kwenye mkebe.

Kisha Mudathiri akachomoa waya, akafunika kompyuta, akafunga chumba kwa kufuli. Alisema hakitafunguliwa mpaka Jumamosi fundi atakapokuja kutoka Mbeya. Anyitike akapiga goti kwa adabu, akamweleza kwamba kesho ndiyo mwisho wa maombi yake, na kwamba hakuna mahali pengine karibu. Mudathiri akamjibu kwamba hayo angeyafikiria kabla ya kumchafulia mali yake. Anyitike akavaa kandambili zake akaondoka. Kwenda Ndandalo ni mwendo mrefu, na mvua ilikuwa imeanza.

Fatu hakulala vizuri, lakini alilala.

Ijumaa kiti cha Anyitike darasani kilikuwa kitupu. Mwalimu Zebedayo alieleza kwamba ameondoka alfajiri na mama yake kwenda Tukuyu, ambako palikuwa na intaneti nyingine. Fatu akashusha pumzi. Akajiambia kwamba mambo yamejipa yenyewe: Anyitike atatuma maombi yake huko, fundi atarekebisha kompyuta, na hakuna atakayejua. Alikula chakula cha mchana kwa hamu. Hivyo ndivyo mwoga anavyojifariji. Hutafuta mtu mwingine wa kubeba mzigo wake, kisha humtakia safari njema.

Alasiri alikuwa dukani na mjomba alipoingia dereva mmoja, ameloa, matope mpaka magotini. Akasema barabara ya mlimani, ya kwenda Tukuyu, haipitiki. Lori limezama katikati, magari yamepanga foleni tangu asubuhi, abiria wamekaa mvuani na watoto wao. Wengine wameanza kurudi kwa miguu.

Fatu akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa kumi.

"Mjomba," alisema. "Mjomba, ni mimi. Nilizima picha. Anyitike hakufanya kitu. Alinawa, nilimwona."

Mudathiri aliinuka. Hakumpiga. Alitoa funguo mfukoni, akafungua chumba, akachomeka waya. Akamtuma dereva mbio nyumbani kwa Mwalimu Zebedayo, jirani tu, maana yeye ndiye aliyekuwa na alama na habari zote za Anyitike. Fatu akakaa mbele ya kompyuta. Akafungua mipangilio, akarudisha alama ya vema mahali pake. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Angeweza kuifanya Alhamisi, Anyitike akiwa ameketi palepale.

Laini ya simu ililia, ikakatika, ikalia tena. Ukurasa ukaanza kushuka, kipande baada ya kipande. Mwalimu alifika anahema, akasoma majina na alama, Fatu akaandika. Mudathiri alisimama nyuma yao, na kwa mara ya kwanza hakupangusa kitu. Chini kabisa kitufe cha kutuma kikatokea, cha kijani, kizima kabisa. Fatu akakibonyeza.

Walingoja. Kisha maneno yakaja: Muda wa kupokea maombi umekwisha. Tunawashukuru wote walioomba.

Mwalimu Zebedayo akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Akatoka bila kuaga.

Jumamosi Mudathiri alimchukua Fatu mpaka Ndandalo. Walimkuta Anyitike na mama yake uani, wanapasua kakao. Walikuwa wamerudi usiku, kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Mama Anyitike aliwakaribisha, akawapa vigoda, akasikiliza yote mpaka mwisho. Anyitike hakuinua kichwa. Alipasua tunda, akachopoa mbegu zenye utelezi, akachukua jingine.

"Ndaga, asante, umekuja kusema," mama alimwambia Fatu. "Sasa nisikilize. Kosa la kwanza lilikuwa la kitoto. Ungelisema siku ileile, ungechapwa, na mwanangu angesoma. Ulilificha kwa kumtwisha mwenzako, ukakaa kimya ukitumaini atafika salama. Kweli yako nimeipokea, lakini imekuja mlango umeshafungwa. Mtu akishajua kweli, aiseme wakati bado inamsaidia mwenzake."

Kisha akamgeukia Mudathiri, akamwita kwa jina la mwanawe. "Nawe, Baba Ridhwani, ni mtu mzima. Hukumuuliza mwanangu hata swali moja. Uliangalia mikono yake, ukatosheka."

Mudathiri aliinamisha kichwa. Alisema atamgharamia Anyitike popote atakapopata nafasi. Mama alijibu kwamba nafasi za sekondari huku ni chache, na ile moja imekwenda kwa mtoto mwingine. Alilisema bila ukali, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia.

Fatu aliinuka kwenye kigoda. Alikaa chini kando ya lundo, akachukua tunda, akaanza kuchopoa mbegu. Hakuna aliyemkataza wala aliyemshukuru. Walifanya kazi mpaka jioni, na Anyitike hakumsemesha hata neno.

Jumatatu vidole vya Fatu vilikuwa vyeusi kuzunguka kucha. Alisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Rangi haikutoka. Dukani alivua viatu, akanawa kwa birika, akaketi mbele ya kompyuta kumfungulia mteja ukurasa. Ukafunguka vizuri, na picha zake zote.

Mteja, bwana mmoja aliyevaa shati jeupe, aliona mikono ile akarudisha kiti nyuma.

"Huyu mtoto kweli amenawa?" alimuuliza Mudathiri.

"Nimenawa," Fatu alisema. "Ni rangi ya kakao. Haitoki."

Yule bwana akacheka kwa pua. Ilionekana wazi kwamba hakumwamini, na Fatu akahisi uso unamwaka moto mbele ya watu.

Mjomba akaja, akasimama kando yake.

"Amenawa," alisema. "Nimemwona."

Maneno yalikuwa mawili tu. Fatu aliyasikia, akainama juu ya kibodi, akalia.