Chaki za Kopo la Kabatini

Hebu fumba macho, mwanangu, upate picha: darasa tupu, jua linazama, na mwanachuo mmoja amesimama mbele ya ubao, koo limemkauka kwa kupayuka kutwa.

Walimwita Kifaranga. Alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na watoto wa darasa lile, waliobanana hadi sakafuni, walikuwa wameimeza sauti yake nzima nzima.

"Kesho msimamizi wa chuo anakuja," mwalimu mwenyeji wake alimtania kabla ya kuondoka. "Utafundisha kwa ishara, mdogo wangu? Ukifeli mara ya pili, chuo ndiyo basi."

Ndiyo maana alibaki, aandike ubao mapema. Chaki hakuna. Akapapasa ndani kabisa ya kabati, akatoa kopo lenye kutu. Vipande vya manjano. Vinateleza, kama vimepakwa mafuta.

Chaki ilikwaruza tu, haikuandika. Basi akafanya wafanyavyo walimu wengi chaki ikiwa ngumu: akaigusisha ulimini.

Ladha...

Ya kinywa cha mtu mwingine. Mate yaliyolala, jino bovu, usaha. Ncha ikalainika kama gegedu, ikakatika. Alipotaka kuitema, ilijiburuta yenyewe kooni, ikivuta unywele mrefu nyuma yake.

Akameza.

Ubaoni, mkwaruzo wa chaki ukaanza kutiririka, uteute wa manjano. Kutoka dawati la nyuma... kikohozi.

"Endelea, mwalimu," mtu alinong'ona.

Hakugeuka kutazama. Alikimbia.

Asubuhi msimamizi aliketi nyuma. Kifaranga alifungua kinywa, ikatoka sauti nzito ya kiume, iliyojaa makohozi. Darasa likatulia kama maji mtungini. Wa mbele wakabana pua. Mmoja akatapikia sare yake.

"Hongera, darasa umelimudu," alisema msimamizi, leso puani. "Umefaulu."

Mwalimu mwenyeji hakutania tena. Alimvuta kando.

"Sauti hiyo naijua. Ni ya mwalimu wetu mzee aliyefia humu, katikati ya kipindi. Chaki umetoa wapi?"

"Kwenye kopo, dada. La kabatini."

"Kopo gani? Kopo lake tulimzika nalo!"

Kifaranga alitaka kulia. Kikatoka kikohozi kilekile. Na nyuma ya ulimi, unywele ukamtekenya, ukiota.

Sasa nawe unakwenda mazoezini. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: chaki ikiwa ngumu, ilowanishe kwa maji.

Kwa maji, mwanangu.