Mahindi Yaliyopewa Ng'ombe

Kila Machi mamake Kavutha alituma gunia la mahindi kutoka Mwingi hadi Waithaka, Nairobi. Kavutha alipanga chumba hapo na bintiye mdogo, Ivyne. Alisuka nywele Kenyatta Market, na gunia hilo lilimpunguzia gharama ya unga.

Mwingi ni nchi kavu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na ile ya Oktoba ndiyo inayoleta chakula. Ndengu na mbuzi huuzwa. Mahindi huwekwa ya kula. Mwaka huo mvua ilikawia kuisha, ikayakuta mahindi yakiwa tayari kuvunwa. Watu waliyavuna na unyevu wake, wakayarundika chini, kisha wakayafungia ndani kwenye magunia ya nailoni wakihofia wezi.

Kavutha alipofungua gunia, alipigwa na harufu ya uvundo. Akachambua. Punje nzuri aliziosha na kuzianika. Zenye ukungu wa kijani akampelekea Nyakio, au Mama Kibe, mwenye ploti aliyopanga, aliyefuga ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba.

"Mama Kibe, nimeletea ng'ombe zawadi."

"Si hii imeoza?"

"Kidogo tu. Kwetu hatutupi chakula."

"Haya, leta. Ng'ombe yangu haina maneno mingi kama wapangaji," Nyakio akasema. Akamjazia kikombe cha maziwa ya mtoto, na tangu siku hiyo akawa anamjazia kila asubuhi.

Baada ya muda ng'ombe akapunguza maziwa. Nyakio akamwita Peres, afisa wa mifugo. Peres aliangalia hori kwanza. Akachota punje, akazigeuza kiganjani.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Kwetu Mwingi," akajibu Kavutha, aliyekuwa amesimama kando. "Hizo ndizo mbaya. Nzuri tunakula."

"Gunia likishaoza hivi, usiamini hata punje moja. Kuvu hutengeneza sumu inayoitwa sumukuvu. Huwezi kuiona kwa macho."

"Lakini niliosha."

"Haitoki kwa maji."

"Na nikipika sana?"

"Moto wa jikoni hauimalizi. Inaharibu ini. Ng'ombe akiila, nyingine inatokea kwa maziwa. Nani anakunywa haya maziwa?"

Nyakio akamtazama Kavutha. "Mtoto wangu," Kavutha akasema.

"Mpeleke mtoto akapimwe," Peres akasema. "Na nyumbani, nani anakula mahindi haya?"

Kavutha akapiga simu papo hapo.

"Mama, msile hayo mahindi. Yana sumu."

"Tule nini, Kavutha? Ndiyo hayo tu." Mamake akakohoa. "Tena Kavindu wa kaka yako ni mgonjwa. Tumbo limefura, macho yamekuwa ya manjano. Tunampa uji apate nguvu."

"Uji wa mahindi hayo?"

"Ndiyo, hayo hayo."

"Mama, mpelekeni hospitali sasa hivi."

Walimpeleka. Kavindu, binti wa kaka yake Kavutha, alifia hospitalini wiki hiyo. Alikuwa na miaka sita. Ivyne alipimwa, ini lake lilikuwa zima. Nyakio alimwaga maziwa, na mahindi yote yakafukiwa shimoni.

Mavuno yaliyofuata, Kavutha alikwenda Mwingi. Walianika mahindi juu ya turubai, wakayageuza mara kwa mara, wakayafunika kila jioni. Mamake akauma punje.

"Zimekauka hizi."

"Meno yanadanganya, mama."

Kavutha alitia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, akatikisa kama Peres alivyomfundisha. Chumvi iliganda kwenye kioo.

"Ikiganda, bado kuna maji ndani. Turudishe juani."

"Jua lote hili?"

"Lote."

Walianika tena hadi chumvi ikaacha kuganda. Ndipo wakajaza magunia yasiyopitisha hewa, wakayaweka juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mahindi hayo yaliwatosha hadi mvua. Hakuna aliyeugua. Oktoba walipanda tena, majembe yakilikwepa kaburi la Kavindu.